Herufi Mbili za Mama Anastazia

Ipo Jumamosi moja ambayo nikiikumbuka masikio yanawaka moto kwa aibu, na leo asubuhi, Neema mwanangu, umeniamshia aibu hiyo upya. Nimetoka nje kuota jua nikakuta barazani boksi, ndani yake kile kitoto cha mbwa chenye sikio lililolala, na juu ya boksi umeandika kwa kalamu nene: KASORO. Nikakuuliza, ukanijibu huku unachezea simu kwamba daktari anakuja saa nne kumchoma sindano alale moja kwa moja, maana wateja hawamtaki. Ulisema kama mtu anayesema taka zinabebwa saa nne.

Nimekasirika, na sitaki kukuficha. Nimekunywa chai yangu yote kwanza ili nisikutukane, mimi babu yako, na sasa chai imekwisha. Zima hiyo simu. Kaa hapo kwenye kigoda unisikilize mpaka mwisho.

Wewe unajua kwamba zamani nilikuwa mwamuzi wa mbwa. Nakusikia ukiwaambia wateja wako: babu yangu ndiye alikuwa anawapima mbwa wa maonyesho enzi za Uhuru, hawa yoki wangu kawapitisha yeye. Unauza mbwa kwa jina langu, nami nimenyamaza kwa sababu uzee unapenda sifa. Usichokijua ni kwa nini ukutani kwangu hakuna hata picha moja ya kazi hiyo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, msaidizi wa bwana mifugo katika ofisi moja ndogo ya Temeke. Kila mwaka kulikuwa na maonyesho ya mbwa kwenye kiwanja kimoja kule Kinondoni. Wazungu walileta mbwa wao, Wahindi wachache walileta wao, na sisi tulishika kamba na kubeba ndoo za maji. Bendera ilipobadilika wale wenye maonyesho wakaona haya, au waliogopa, sijui. Wakasema mwaka huu mwamuzi wa mbwa wadogo awe Mwafrika. Nikachaguliwa mimi, na kichwa kikavimba mpaka kofia ikakataa kuingia.

Aliyenifundisha alikuwa daktari wa mifugo, Mzungu mzee, mpole, mwenye mikono inayotetemeka. Alinikalisha jioni nyingi akanifundisha vipimo vya hawa mbwa wa Yorkshire mnaowaita yoki. Uzito usizidi ratili saba, kama kilo tatu hivi. Masikio madogo, yasimame. Nywele za hariri, zinyooke mpaka chini bila wimbi, mgongoni rangi ya chuma chenye ubuluu, kichwani na miguuni rangi ya dhahabu. Mgongo ulale sawa kama meza. Meno yakutane kama mkasi. Niliyakariri yote kama mtoto wa chuoni, na hata sasa ukiniamsha usingizini nitakusomea.

Lakini yule daktari nyumbani kwake alikuwa na yoki wa jicho moja, mnene, mwenye nywele kama sufi ya godoro kuukuu, na alikuwa akilala naye kitandani. Siku moja nikamuuliza, bwana, huyu mbona hana hata kipimo kimoja? Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Uwanjani mimi natafuta mbwa wa kuzalisha. Nyumbani mimi natafuta mbwa." Nilicheka nikaona mzee anazeeka vibaya. Nilichukua nusu ya elimu yake, nusu nyingine nikaiacha pale mezani, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuwa na maana.

Basi Jumamosi ikafika. Nimevaa suti ya kuazima, tai shingoni, ua kifuani. Wanawake wa Kizungu na kofia zao wamejipanga, mbwa wao wamechanwa nywele na kufungwa utepe. Mwisho kabisa wa mstari alisimama Mama Anastazia.

Mama Anastazia alikuwa mtu wa Masasi, umri kama hamsini hivi, kavaa gauni lake la kanisani na viatu vinavyombana. Alikuwa yaya wa familia moja ya Kizungu, akawalea watoto wao wote watatu. Uhuru ulipokuja wale watu wakafunga mizigo wakarudi kwao, wakamwachia mbwa. Mbwa huyo aliitwa Tofi. Mama akaenda kupanga chumba kimoja Temeke, akawa anauza vitumbua, na Tofi akawa anakula ugali kwa dagaa kama sisi sote.

Na Tofi, mwanangu, sitakudanganya, alikuwa na kasoro. Alikuwa na ratili kumi na moja. Nywele zake zilikuwa za sufi, na mama alikuwa amezikata kwa mkasi wa kushonea kwa sababu ya joto na miba, amemwachia kijisharubu tu. Sikio moja lilisimama, jingine lilianguka kama ukurasa uliokunjwa pembeni. Taya la chini lilitangulia mbele. Alitembea upande upande.

Sikumpa yule mama shikamoo. Kumbuka hilo. Mtu mwenye umri wa mama yangu mzazi kasimama mbele yangu, na mimi nikainama moja kwa moja kumfunua mbwa midomo. Kisha nikamwinua Tofi juu ili kila mtu aone, nikaanza kusema kwa Kiingereza. Sikuwa na sababu ya kusema Kiingereza. Kwa wale wengine nilisema maneno mawili matatu nikapita. Kwa huyu nikahutubia. Nilihesabu kasoro moja moja kwa vidole, sikio, taya, nywele, mkia, na kila kidole watu walicheka. Nikaona wananipenda, nikaongeza nyingine. Nikasema huyu nusu yake ni mbwa, nusu ni brashi ya viatu.

Mama Anastazia akacheka nao. Hapo ndipo moto unaponiwakia masikioni mpaka leo. Hakujua Kiingereza zaidi ya kile cha jikoni, tena sikio lake moja lilikuwa limekufa kwa kwinini, kwa hiyo aliona meno tu. Aliona watu wakubwa wanamfurahia mbwa wake, naye akafurahi.

"Umesemaje, mwanangu?" akaniuliza. "Sikio langu hili halisikii vizuri."

"Nimesema basi, mama. Nenda."

Mwaka huo kadi zilikuwa zimechapwa kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza, na sote tulijivunia. Palikuwa na mstari wa jina, mstari wa maelezo na mstari wa uamuzi. Kwenye maelezo nikaandika: Kasoro. Kwenye uamuzi nikaandika: Hafai. Nikatia saini yangu yenye mkia mrefu, nikagonga muhuri. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema, "Ahsante sana, Mungu akuzidishie."

Sikumuuliza alikuja kutafuta nini. Lingekuwa swali dogo tu. Wale wa kofia walikuja kutafuta kikombe, nikadhani naye kaja kutafuta kikombe, nikaona kichekesho. Kumbe kikombe hakukijua. Mwaka huo kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia mjini, na kila mbwa asiye na kibati cha chanjo shingoni alikuwa anakusanywa. Jirani mmoja alimwambia mama kwamba akipata karatasi yenye muhuri wa wakubwa, mbwa wake hataguswa. Mama hakujua kusoma. Alitembea kwa miguu kutoka Temeke mpaka Kinondoni, viatu mkononi, Tofi kifuani, kuja kutafuta muhuri. Nami nikampa.

Jumatatu nilikuwa ofisini, foleni ya watu na vibali vyao vya mbuzi imefika mlangoni. Mama Anastazia akaingia akapita foleni yote. Hakuna aliyemzuia, uso wake haukuzuilika. Akaibwaga ile kadi juu ya meza yangu.

"Soma."

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako ilitakiwa juzi. Soma. Kwa sauti, mie sisikii. Na kwa Kiswahili, siyo ile lugha yako ya uwanjani."

Nikasoma. Kasoro. Hafai.

"Haya," akasema. "Asubuhi hii wamepita watu wa gari la mbwa. Wenzangu wote wamewaficha mbwa wao uvunguni. Mie nimetoka mwenyewe mlangoni, Tofi nimembeba, karatasi yako nimeinyanyua juu, najidai. Nikamwambia yule askari, soma hapo baba, huyu kapitishwa na wakubwa. Akasoma. Akanambia, mama, wakubwa wenyewe wanasema hafai. Akamchukua mikononi mwangu. Mie nimemtoa kwa mikono yangu mwenyewe, unanisikia?"

"Yuko wapi sasa?"

"Vingunguti, nyuma ya machinjio. Wanasema saa sita wanawapiga risasi."

Na hapa, mwanangu, ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili ndilo linalonikasirisha kuliko lile la kwanza, kwa sababu la kwanza lilikuwa la ujinga na la pili lilikuwa la kiburi. Badala ya kuinuka, nikaanza kujitetea. Nikamwambia yule mama, lakini kweli mbwa ana kasoro, mimi niliandika kwa kufuata vipimo, vipimo siyo vyangu.

Akainua kidole kwenye saa ya ukutani.

"Saa ngapi hiyo?"

"Saa tano kasorobo."

"Saa ngapi?"

"Saa tano kasorobo, mama."

"Ina kasoro hiyo saa."

Nikaanza kupanga kalamu zangu mezani.

"Nakuuliza wewe, bwana mkubwa. Ina kasoro, haina kasoro?"

"Ina kasoro."

"Basi haifai? Tuitupe? Tukae hapa mie na wewe tungoje saa isiyo na kasoro, na Tofi wangu apigwe risasi?" Sauti yake ikapanda mpaka watu wa nje wakachungulia dirishani. "Akibisha mtu hodi, mie sisikii. Tofi ananivuta kanga. Sufuria likiungua, ananivuta kanga. Mvua ikianza na nguo ziko kambani, ananivuta kanga. Mie nilikuletea sikio langu, wewe ukalikagua meno!"

Niliinuka. Sikumbuki niliwaambia nini watu wa mbuzi. Nikachukua baiskeli ya ofisi, mama akapanda nyuma kwenye keria, akashikilia chini ya tandiko ili asinishike mimi. Njia yote hakunishika. Barabara ilikuwa mchanga, mara nyingine nikashuka nikasukuma, naye hakushuka, na alikuwa na haki ya kutoshuka. Tulipofika relini, gari moshi la mizigo likatukata njia. Mabehewa yakapita, yakapita, mpaka nikaona kama yanafanya makusudi. Nilisikia pumzi ya mama nyuma ya shingo yangu. Suruali yangu ya kazi ilikuwa imelowa jasho mpaka magotini.

Vingunguti tukakuta uzio wa mabati na wavu, na ndani mbwa wengi, wengine wanabweka, wengine wamelala tu. Askari wa zamu alikuwa mtu mkubwa, mtulivu, anakunywa uji kwenye kopo. Nikamweleza haraka haraka. Akaniomba kadi. Akaisoma taratibu, akageuza nyuma, akarudi mbele.

"Saini hii ya nani?"

"Yangu."

"Na wewe ulisema hafai."

"Nilikosea."

"Ulikosea kumtazama mbwa, au ulikosea kuandika?"

Sijapata kuulizwa swali jingine gumu kama hilo maishani mwangu. Kwa sababu mbwa nilimtazama sawasawa. Kila nilichokiona kilikuwepo. Kosa ni kwamba kutoka kwenye mstari wa maelezo mpaka mstari wa uamuzi niliruka kama mtu anayeruka mfereji, wala sikuangalia kilichokuwa katikati. Katikati alikuwa amesimama mama na viatu vyake vinavyombana.

"Nilikosea kuandika hafai," nikasema. "Mbwa huyu anafaa. Ana kazi na ana mwenyewe."

"Basi andika hivyo hivyo."

Nikaandika chini ya muhuri wangu: Nilikosea. Anafaa. Askari akanitaka niahidi kwamba atachanjwa siku hiyo hiyo, nikaahidi, na kweli jioni nikamchanja na kumfunga kibati kwa mkono wangu. Akafungua mlango wa wavu, akaita. Tofi akatoka na mwendo wake wa upande upande, sikio moja juu, sikio moja chini, akanipita kama jiwe la njiani, akaenda kuuma pindo la kanga ya mama, akavuta. Anamwambia kuna mtu amekuja. Mama akakaa chini pale pale kwenye vumbi la machinjio na gauni lake.

Tulipofika relini tena tulisikia bunduki. Sisemi kwamba wale askari walikuwa wabaya. Kichaa cha mbwa kilikuwa kinaua watoto, na mtu aliyeona mtoto akifa kwa ugonjwa huo hawezi kuwalaumu. Nasema tu kwamba Tofi angekuwa miongoni mwa mbwa waliopigwa, na angekufa kwa sababu ya neno moja nililoliandika ili watu wa kofia wacheke.

Unangoja nikuambie mama alinishukuru? Hakunishukuru. Nilipomfikisha mlangoni kwake alisema, "Umesharekebisha. Nenda," akafunga mlango. Nilikuwa nikipita pale kila wiki kumtazama mbwa, naye ananijibu shikamoo yangu kwa "marahaba" fupi bila kuniita mwanangu. Nilistahili.

Baada ya Azimio la Arusha yale maonyesho yakafa yenyewe. Kwenye mkutano mmoja wa tawi la chama mtu alisimama akasema mbwa wa nywele ndefu ni mbwa wa kibepari. Tofi alikuwepo, kalala miguuni mwa mama, nywele zimekatwa na mkasi wa kushonea, sharubu zimejaa unga wa mahindi. Watu wakamtazama, wakaangua kicheko, na siku hiyo kicheko kilikuwa cha kwake.

Kisha yakaja masomo ya watu wazima. Mama Anastazia alijiandikisha, akakaa dawati la mbele kabisa ili asikie, Tofi chini ya dawati. Mwalimu alinihadithia kwamba mwanafunzi aliyehudhuria bila kukosa hata siku moja alikuwa mbwa. Ikapita kama miezi minane. Siku moja nipo ofisini, mama akaingia, safari hii akakaa kwenye foleni na kungoja zamu yake. Ilipofika akaitoa ile kadi kwenye pindo la kanga, akaiweka mezani taratibu.

Kwenye mstari wa maelezo, pale nilipoandika Kasoro, palikuwa na herufi mbili zimeongezwa kwa penseli, kubwa, zimepinda: bo.

"Nimesoma mwenyewe," akasema. "Neno lako hukulimaliza, mwanangu. Nimekumalizia."

Mwanangu. Ilimchukua miaka kuniita tena hivyo. Niliingia chumba cha dawa za mbuzi nikalia, usiniulize kwa muda gani. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita yule mbwa Kasorobo, na alipokufa kwa uzee, kichwa mapajani kwa mama, tulimzika nyuma ya nyumba, na hata jirani zetu ambao dini yao haiwaruhusu kumgusa walileta jembe.

Kadi yenyewe hii hapa. Ishike. Usiikunje.

Sasa nisikilize vizuri, maana hasira yangu bado haijaisha na sitaki uitupe bure. Sisemi usijue kasoro. Ijue, uijue kuliko mimi. Mbwa mwenye taya bovu usimzalishe, utawatesa watoto wake. Na mteja mwambie ukweli kwamba hili sikio halitasimama. Vipimo ni vya kujua nani azae, havikuwekwa kuamua nani aishi. Ukiona kasoro, usikimbilie uamuzi. Simama hapo katikati kwanza, uulize: huyu ni wa nani, anafanya kazi gani, nani atamlilia? Na kabla ya kumfunua mbwa midomo, mwamkie mwenye mbwa. Na usiwachekeshe watu kwa kitu ambacho mtu mwingine amekibeba kifuani. Hayo tu. Ningeyajua nikiwa na umri wako nisingekuwa na aibu ya kukusimulia.

Mungu akukuze, mwanangu, uzeeke kuliko mimi. Akupe macho makali, na moyo unaotangulia macho. Na siku sikio lako litakapolala, kama hili langu lilivyoanza kulala, akujalie mtu wa kukuvuta kanga, asiwe mtu wa kukutia kwenye boksi na kukuandika juu.

Saa hiyo ya ukutani inasema saa nne kasorobo, na daktari yuko njiani. Kalamu yako nene hii hapa, nimeiokota barazani. Nenda kwenye lile boksi ukamalizie neno.